Mabil Kichwa Chini

Jumanne saa tatu asubuhi Lokeno aliteremsha kamera yake kutoka kwenye lori lililotoka Lodwar, akaisimamisha kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, ndani ya kambi ya Kakuma. Ilikuwa kamera ya mbao yenye mikunjo ya ngozi, na filamu yake moja ilikuwa kubwa kama daftari la shule. Watu wa Lodwar walimcheka kwa kung'ang'ania mzigo ule ilhali kila mtu ana simu mfukoni. Lokeno hakujali. Alipenda kazi ya polepole, basi.

Achai na binti zake wawili, Yar na Adau, walileta viti vinne. Wakakalia vitatu.

Cha nne kilikuwa cha Mabil. Mabil alifariki kule kwao Bor kabla hajaoa, na kama desturi ya Wadinka inavyotaka, mdogo wake Biar alimwolea marehemu mke. Ng'ombe walitolewa kwa jina la Mabil, Achai akawa mke wa Mabil, na mabinti aliowazaa na Biar wakawa wa Mabil. Bor nzima inalielewa jambo hili. Ofisi ya kuandikisha watu kambini haikulielewa. Ofisa Lomorukai, kijana mpole asiyepandisha sauti, alilinganisha mwaka wa kifo na miaka ya kuzaliwa kwa watoto, kisha kwenye nafasi ya baba akaandika: hajulikani. Neno hilo lilimuuma Achai kuliko njaa. Kwao mwanamume asiyeitwa baba na yeyote ndiye aliyekufa kweli. Alitaka picha ya kumwonyesha ofisa.

Lokeno akaingia chini ya kitambaa cheusi. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera za aina ile watu huonekana miguu juu, kichwa chini, na ndivyo walivyoonekana Achai na mabinti. Kwenye kiti cha nne aliketi mwanamume mrefu mwenye jalabia nyeupe, naye alikuwa wima. Lokeno akaguna. Kuja kwa marehemu hakukumsumbua. Marehemu huja kwenye filamu, ila simu huwapita haraka mno. Kilichomsumbua ni ule wima. Alijua itakavyokuwa picha ikikauka, lakini filamu ilikuwa imeshaingia, akapiga.

Dawa za kuoshea filamu hazipendi joto, na Lodwar haina kitu kingine. Lokeno alizituliza ndani ya mtungi uliofungwa magunia mabichi, akaosha filamu gizani kwa kupapasa, akaichapa kwenye karatasi. Achai na mabinti walitoka vizuri, hata vifungo vya Adau vilihesabika. Mabil alitoka kichwa chini. Jalabia yake haikumwangukia usoni, na Lokeno alishukuru, maana ile ilikuwa picha ya heshima.

Lomorukai aliitazama kwa muda, akasema kanuni inataka wahusika wote wawe wima. Achai akamuuliza Lokeno kama anaweza kumkata Mabil na kumbandika upya. Lokeno alikataa, kubandika ni uongo. Jumanne iliyofuata alirudi, akapanga viti vilevile, akaingia chini ya kitambaa.

"Baba Yar, ejok," alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Samahani sana. Naomba ujipindue, kichwa iende chini."

Hakuna mtu kambini aliyekuwa amewahi kumwita Mabil hivyo. Achai alifurahi mpaka akashindwa kutuliza uso, ikabidi wamsubiri. Mabil alifikiri kidogo, akashika kiti kwa mikono miwili, akajipindua. Mabinti walisikia kiti kikilia wakacheka.

Safari hii picha ilitoka bila dosari. Lomorukai aliipeleka dirishani penye mwanga, akasifu kazi, akaonyesha kwa kalamu kwamba masikio ya Yar ni ya yule bwana kabisa.

"Huyu ndiye baba yao, mama," alisema. "Hiyo haina ubishi."

Kisha akaeleza. Baba aliyekufa anahitaji cheti cha kifo, na hawezi kuombewa cheti mtu aliyepigwa picha Jumanne iliyopita. Baba aliye hai anahitaji kuleta alama za vidole. Achai alisema Mabil huja kwenye filamu tu. Lomorukai alisikitika kweli, akaibana picha kwenye faili, na neno hajulikani likabaki mahali pake.

Achai alikuwa ameagiza nakala mbili. Ya pili aliitundika juu ya meza, na sasa wanne hao hula pamoja, mabinti wakigombana juu ya masikio. Ukimuuliza hali yake atakwambia ni njema, na hadanganyi.

Jumamosi Lomorukai alifika kwa Lokeno, Lodwar, na shati lililopigwa pasi na viti viwili. Mama yake, Nakaale, alizikwa Lokori mwaka juzi. Lokeno alipotoka chini ya kitambaa na kutikisa kichwa, ofisa hakuhitaji kuelezwa.

"Mama," alisema kwa upole akikigeukia kiti kitupu, "jipindue kidogo."

Lokeno aliingiza filamu, akafungua lenzi. Kwa kuwa hapendi mambo nusunusu, akauliza kama basi ule mstari wa baba kwenye faili la akina Yar ungeweza kurekebishwa.

Lomorukai alibana midomo, akaikazia macho kamera. Lenzi ilikuwa wazi, na mtu akitikisa midomo wakati huo, kwenye picha hutoka hana mdomo.