Saga, Pima, Loweka

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa pili, saa tatu na robo asubuhi, na aliyeyaharibu alikuwa amevaa viatu vyeupe. Mchoma mkaa anaikumbuka saa kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza ameliziba pipa la tatu kwa udongo na kuandika saa ubavuni kwa chaki, kama walivyofundishwa. Viatu anavikumbuka kwa sababu mtu anayeingia ua wa mkaa na viatu vyeupe ama amepotea njia, ama hana nia ya kushika chochote.

Huyu hakuwa amepotea. Alikuwa msimamizi mpya wa mradi, na hiyo ndiyo siku yake ya kwanza kazini. Aliyapita mapipa bila salamu, akaenda moja kwa moja hadi banda la kusagia, ambako wanawake sita walikuwa wakitwanga mkaa kwa michi, akasimama mlangoni.

"Hii ndoo ya maji ya nini hapa?"

Aliyemjibu alikuwa mke wa mchoma mkaa, kiongozi wa wale sita. Hakuacha kutwanga.

"Ya kunyunyizia, baba. Mkaa ukipata unyevu kidogo, vumbi linalala chini. Tusiponyunyiza, linakuja kulala humu." Akajigonga kifuani. "Na humu tayari kuna mume."

Wenzake wakaangua kicheko. Msimamizi akafungua faili.

"Fomu inasema: kusaga, kupima, kuloweka. Maji ni baada ya mizani. Mkaa wenye maji unadanganya uzito, na wapimaji wanataka uzito wa mkaa mkavu. Mkavu!"

"Basi tupime kwanza," mwanamke akasema, kama anayemwelekeza mtoto choo kilipo. "Tupime ukiwa vipande, mkavu kama unavyotoka kwenye pipa. Tuandike. Halafu tunyunyize, tusage, tuloweke. Kilo haina miguu, haitakimbia."

"Mama, safu ya kwanza kwenye fomu ni kusaga. Mimi sikuja hapa kuandika fomu."

Akaangalia madirisha ya banda, akaagiza yafungwe kwa mabati, maana upepo nao ulikuwa ukiiba uzito. Kisha ndoo ikaondoka.

Hivyo ndivyo mchoma mkaa alivyokuwa akisimulia kwa miaka: ndoo ikaondoka. Utadhani iliota miguu, ikaaga, ikaenda zake.

Kwa asiyeijua kazi hii, mkaa wenyewe si wa kupikia. Mchoma mkaa alikata miti miaka ishirini na kuuza mkaa wa jikoni, mpaka vilima vikabaki na upara kama yeye. Mradi ulipokuja ulisema: acheni miti, chomeni mabaki, yaani magunzi ya mahindi, maganda ya mpunga, matawi yaliyopogolewa. Unayachoma ndani ya pipa lenye hewa kidogo huku unautazama moshi. Ukiwa mweupe na mzito, hayo ni maji yanaondoka. Ukigeuka wa bluu na mwepesi, ziba upesi. Ukichelewa hata kwa muda wa kupiga chafya mbili, umepata majivu. Mkaa ukipoa unasagwa, unalowekwa wiki mbili kwenye samadi na mkojo wa ng'ombe, kisha unafukiwa shambani. Udongo unajifunza kushika maji. Na ile hewa chafu ambayo mabaki yangeirudisha angani yakioza, inabaki imefungwa ardhini miaka mia na zaidi. Ndiyo maana kuna watu huko mbali wanaotaka kujua ni kilo ngapi zimefukiwa.

Habari ya hewa mchoma mkaa aliipokea kama mtu anavyopokea salamu za asiyemjua. Habari ya udongo aliielewa, kwa sababu aliisikia kwa mke wake. Yeye shule aliiona mlango, akaishia darasa la tatu. Mke hakuishia hata hapo, ila udongo alikuwa akiusoma kwa kidole.

"Mkaa mkavu ni mgeni mwenye njaa," alizoea kusema. "Usipomlisha kwenye samadi kabla ya kumwingiza shambani, atakula chakula cha mahindi yako, nayo yatakuangalia kwa macho ya manjano."

Kishamba chake nyuma ya nyumba kilikuwa ushahidi. Mvua ikikata majuma matatu, mahindi ya majirani yalijikunja kama sigara, ya kwake yakabaki yamenyoosha shingo.

Baada ya ndoo kuondoka, mke alitwanga mkaa mkavu misimu mitatu, ndani ya banda lililozibwa. Msimu wa kwanza alikohoa asubuhi. Wa pili, asubuhi na jioni. Wa tatu akawa anakaa chini kila akitoka kisimani, na ndoo ya kichwani imejaa nusu. Kikohozi kilimtoka cheusi. Mganga wa zahanati aliandika nimonia. Mchoma mkaa aliisoma ile karatasi herufi kwa herufi, akauliza, "Na vumbi je, limeandikwa wapi?" Mganga akamwambia vumbi halina nafasi kwenye ile karatasi.

Mkaa alioutwanga utakaa ardhini miaka mia tano, wasomi wanasema. Yeye hakuuona msimu wa nne.

Tangu amzike mkewe, mchoma mkaa akawa na maneno ya siki. Mvua ikichelewa, ni wao. Pipa likitoboka, ni wao. Wao walikuwa msimamizi, ofisi ya wilaya, ofisi ya juu ya wilaya, na yeyote aliyekaa kwenye kiti chenye magurudumu. "Samaki huoza kuanzia kichwani," alikuwa akisema, "lakini kinachonuka ni mikono ya anayemparua." Watu walimwitikia, kisha wakaanza kumkwepa.

Angeweza kuishi na uchungu wake hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba binti yake, wa mwisho na pekee aliyebaki nyumbani, alikwenda akaushika mchi wa mama yake.

"Nafasi ya mama imebaki wazi, baba. Wakimweka mtu mwingine hatutaipata tena."

"Acha wakae nayo."

"Tule nini? Siki yako?"

Mtoto alikuwa na mdomo wa marehemu. Mwezi wa nne tangu binti aanze kutwanga, siku moja baba anakunywa chai ya asubuhi, akasikia kikohozi kutoka uani. Kikavu, kifupi, mara mbili, kisha kimya, kama mtu anayebisha hodi. Akakiacha kikombe na chai yake.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa msimamizi, ambaye wanawake walikuwa wameshambatiza jina la Bwana Kavu.

"Bosi, naomba turudishe ndoo bandani."

"Mzee wangu, nakuelewa. Nakupa pole tena kwa msiba. Lakini mimi naifuata fomu."

"Tupime kwanza, bosi. Ni kugeuza tu."

"Andika barua."

Akaandikiwa barua na mwenye duka la vocha. Majibu hayakuja. Akaenda mara ya pili, akaambiwa barua ipo mezani. Mara ya tatu akaambiwa meza imehamishwa.

Akarudi mpaka bandani anafoka. Shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, naye alikuwa miongoni mwa wale sita. Alikuwa amejifunga kanga puani, macho tu ndiyo yanaonekana, na macho hayo hayakumpenda.

"Wauaji hawa!" mchoma mkaa akasema. "Walimnyima mke wangu maji, sasa wanamnyima mwanangu!"

Shemeji akashusha kanga. "Shemeji, na ile ndoo aliibeba nani?"

"Bwana Kavu ndiye aliyeamuru."

"Sijauliza nani aliyeamuru. Mdomo wake niliusikia. Nauliza mkono."

Michi ikasimama. Binti alikuwa kwenye pembe, amekumbatia wake.

"Alisema, 'Fundi, ondoa hiyo ndoo,'" shemeji akaendelea, kwa sauti ya chini iliyomchoma kuliko kelele. "Nawe ukasema, 'Sawa, bosi.' Ukaimwaga pale mtaroni. Dada yangu akakuangalia, wala hukugeuka. Wao waliandika, shemeji. Nawe uliwapa kalamu."

Mchoma mkaa akageuka. Akaondoka. Binti hakumfuata. Siku tatu nyumbani walipeana chumvi bila neno.

Siku ya nne wakaja wapimaji. Gari liliingia uani, akashuka mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira zilizochakaa visigino. Mchoma mkaa aliziona buti kwanza. Huyu aliingiza kiganja ndani ya pipa lililopoa, akavunja kipande, akakisikiliza kinavyolia. "Huu umeiva," akasema. "Nani mchomaji?" Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu mwenye karatasi mkononi alimwangalia usoni.

Walipofika bandani mpimaji akarudi nyuma hatua mbili, amejiziba pua kwa kiwiko. Ndani wanawake walikuwa vivuli. Kikohozi kikasikika, kikavu, kifupi, mara mbili.

"Mbona hamnyunyizi maji?" mpimaji akauliza.

Wote wakamgeukia Bwana Kavu.

"Fomu, mama. Kusaga, kupima, kuloweka. Nyinyi mnataka uzito mkavu."

"Tunataka uzito mkavu, ndiyo. Lakini si lazima uwe umesagwa. Pimeni ukiwa vipande, halafu nyunyizeni, sageni, mfanye mnavyotaka. Mbona kwingine wanafanya hivyo?" Akaipokea fomu, akaigeuza mbele na nyuma. "Sisi tunapokea kilo tu. Huu mpangilio si wetu."

Mchoma mkaa alikuwa amesimama nyuma yao. "Rudia, mama," akasema. "Masikio yangu ya kizee."

Masikio yake hayakuwa na kasoro. Mpimaji akarudia, polepole, kwa heshima.

"Kwa hiyo hata siku ile, miaka ile, ingewezekana kupima kwanza."

"Ingewezekana siku zote, mzee."

Alitegemea moyo ungetulia akisikia hivyo. Badala yake ulichacha kama maziwa. Kama ingekuwa lazima, angemlilia mke wake kama anavyoliliwa aliyechukuliwa na mafuriko. Sasa hata mafuriko hayakuwapo. Kulikuwa na maneno matatu, na mtu fulani, mahali fulani, pengine ameshiba, pengine ana haraka ya kwenda nyumbani, alianza kuyaandika kwa hili badala ya lile.

"Nani aliandika kusaga kwanza?" akauliza.

"Mimi niliikuta hivyo," Bwana Kavu akasema upesi.

"Kwa nani?"

"Kwa niliyempokea kazi. Naye aliletewa kutoka ofisi ya juu. Mzee, hili tutalipeleka rasmi, fomu itarekebishwa, labda kufikia msimu ujao..."

Mchoma mkaa alikuwa ameshaondoka. Alikwenda nyuma ya mapipa, akaitoa ndoo. Ilikuwa ile ile, mpini umefungwa waya, haikuwa imekwenda popote miaka yote. Akaijaza kisimani. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka, au siku ile hakuhisi uzito wake. Alipopita mbele ya msimamizi maji yaliruka, yakaangukia viatu vyeupe. Hakuomba radhi.

Mkaa wa asubuhi ulikuwa bado haujaguswa na mchi. Akauweka kwenye mizani, binti yake akasoma namba, shemeji akaiandika kwa chaki ukutani. Kisha akachota kwa kiganja, akanyunyiza. Vumbi likalala. Akashika nyundo, akayang'oa mabati ya madirisha, moja baada ya jingine, na Bwana Kavu hakuthubutu kusema neno mbele ya mgeni. Kazi iliyoshindikana miaka mitatu haikuchukua hata nusu saa.

"Mwanangu," akasema, mgongo umeelekea banda zima, "mimi ndiye niliyeiondoa. Niliambiwa, nikaiondoa. Mama yako aliniangalia."

Binti alikuwa amekwisha kuinua mchi. Akautua kinuni, akauinua tena. "Lete nyingine," akasema. "Hii haitoshi mpaka adhuhuri."

Kama alikuwa amesamehe au alikuwa na kiu ya kazi tu, baba yake hakujua, wala hakuuliza. Lakini lile swali lingine hakuliacha. Kila Jumanne huvaa shati lake la kwenda hospitali, huenda ofisi ya wilaya, hukaa kwenye benchi la mbao mpaka saa ya ukutani inaposema saa tatu na robo. Makarani wameshamzoea. Mmoja humwambia mhusika yuko mkutanini, mwingine kwamba amehamishwa, mwingine kwamba mafaili ya zamani yaliliwa na mchwa. Wanamletea maji ya kunywa kwenye glasi. Fomu mpya imetoka, maneno yamegeuzwa, na chini kabisa, kwenye mstari wa jina la mwandishi, pako wazi kama palivyokuwa wazi kwenye ile ya zamani.

Naye husimama, huweka fomu zote mbili juu ya meza, ya zamani juu, hutia kidole cheusi kwenye neno la kwanza, na kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha pili: "Nani aliandika kusaga kwanza?"