Sifuri ya Mzee Agbeko

Sifuri ile ilikuwa imekaa pale ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Esinam aliitazama kwenye kompyuta ya Delali kama mtu aliyeamka akakuta nyayo ngeni sebuleni mwake.

"Hebu mrudishe Mzee Agbeko," alisema.

Lilikuwa jina la kwanza kuombwa na zahanati asubuhi hiyo. Delali akalirudisha kwenye skrini, huku akitafuna koose la mwisho, ile bajia ya kunde. "Huyu babu umempendea nini? Hata mahari sidhani kama anayo."

Esinam hakucheka.

Kwa mwaka mzima, huduma ya kompyuta aliyoijenga ilikuwa ikitoa taarifa za wagonjwa kwa kompyuta za hospitali yao ya mjini Ho peke yake, nazo zote zilielewana kwa lugha moja ya programu. Leo saa tatu ilifunguliwa kwa zahanati saba za milimani. Vishikwambi vya huko viliendeshwa na programu ya Delali, iliyoandikwa kwa lugha nyingine kabisa. Watu walipiga makofi. Mganga mkuu alisema "hatimaye" mara mbili, akaenda zake wodini.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Katika kumbukumbu za Esinam, mbele ya maneno "mzio wa penisilini", Mzee Agbeko hakuwa na kitu. Wauguzi wa huku wana desturi yao: mgonjwa asiyejua haandikiwi, kisanduku huachwa kitupu mpaka apatikane ndugu wa kuulizwa. Moja maana yake dawa humdhuru. Sifuri, haimdhuru. Kisanduku kitupu husema: hatujui, uliza.

"Kwako kuna sifuri," Esinam alisema. "Kwangu hakuna kitu."

Delali aliinama, akasoma, akaacha kutafuna. "Aina ya nambari niliyotumia haikubali utupu, dada. Isipopewa kitu, inajiwekea sifuri. Wewe kwenye mwongozo uliandika 'nambari', basi. Hukusema inaweza kuja tupu."

Ilikuwa kweli. Hakuandika, kwa kuwa hospitalini mwao kila mtu alijua. Wenye nyumba hawaambiani habari za jiwe lililolegea ngazini. Huliruka hata gizani. Anayevunjika mguu ni mgeni.

Akahesabu. Wagonjwa mia nne na kumi na wawili walikuwa na kisanduku kitupu.

"Nipe dakika kumi," Delali alinong'ona. "Narekebisha, natuma kimyakimya, hakuna atakayejua. Mkataba wako unaamuliwa Ijumaa, au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Mama yake, kule Keta, alikwisha kulitangazia kanisa zima. Kwa kufumba na kufumbua Esinam aliziona dakika kumi zikipita salama, kisha Ijumaa, kisha barua yenye muhuri. Halafu akaona mkono mkavu wa mzee, na pamba yenye spiriti ikiupangusa.

Akaifunga huduma.

"Yaliyokwisha kufika kwenye vishikwambi bado yapo," alisema. "Nipe namba zao za simu."

Muuguzi wa zahanati ya kwanza alipokea upesi.

"Sista Akpene, shikamoo. Ni Esinam wa kompyuta, hapa Ho. Kuna hitilafu ndogo ya mfumo—"

"Marahaba. Kama ni ndogo, itanisubiri, mwanangu. Nina sindano mkononi."

"Ya nani?"

"Mzee Agbeko, ana kidonda mguuni. Mashine yenu inasema penisilini haimdhuru. Mmetusaidia sana, ningemuuliza mpaka jioni."

"Sista, iweke chini." Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Si hitilafu ndogo. Nimekosea mimi. Mashine haijui. Hakuna aliyewahi kujua."

Kisha chuma kikagusa sinia. Esinam alimsikia Sista akiuliza, na mzee akijibu kwa kicheko kikavu kwamba mambo ya dawa zake aliyajua marehemu mkewe, naye ameondoka nayo.

"Hajui." Sauti ya Sista ilikuwa imekonda. "Nimwandikie nini?"

"Usiandike kitu, Sista."

"Haya. Na wewe pumua, mwanangu. Nakusikia hupumui."

Delali alimsogezea karatasi yenye namba sita zilizobaki. Koose lilikuwa limepoa kiganjani mwake.

Namba ya pili iliita mpaka ikakatika. Esinam akapiga tena. Nje, barazani, wauguzi wa zamu walikuwa wakitaniana, na kicheko chao kilimfikia kama kinatoka ng'ambo ya mto. Simu ikaita. Ikaita.

"Alo?" ilisema sauti ya mwanamume, ikihema.

"Jina langu Esinam. Kosa ni langu," alisema. "Niambie, kaka, tangu saa tatu umemchoma nani sindano?"