Watu Huru wa Brooklyn Park

Mzee Solomon alikuwa na nyumba nne za kutunzia wazee, na Jumapili hiyo, baada ya ibada kanisani Brooklyn Park, Marekani, akagundua kwamba ana falsafa pia.

"Wayunani wa kale walijua mambo," aliwaambia waumini waliobaki kumchagua mwenyekiti wa kanisa. "Matajiri wao walisema mtu huru ni yule asiyefanya kazi kwa malipo ya mwingine. Anayekimbizana na shifti atapata wapi nafasi ya kufikiri? Wakiachiwa watu wa namna hiyo kura, mji unaharibika. Hapa pia, wapige kura wenye nafasi."

Nkatha, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni, alimtazama mamake. Velma alikuwa tayari amevaa sare, kwa kuwa jioni alikuwa na shifti katika mojawapo ya nyumba hizo nne. Miaka yote alipiga kura hapa. Sasa aliinamisha kichwa kama aliyekosea.

Nkatha akasimama, mikono nyuma, uso wa mazishini.

"Naunga mkono, Mzee. Tuanze kuchuja. Wauguzi wote, nje. Madereva, nje. Mchungaji tunamlipa mshahara. Pole, Mchungaji."

"Amina," mchungaji akajibu kwa mazoea.

"Na wewe, Mzee, kuwatunza wale wazee wako unalipwa na nani?"

"Na serikali ya jimbo, lakini..."

"Na wakaguzi wake wakija?"

"Huwapikia chai mwenyewe," Velma akasema kabla hajajizuia, "na haketi mpaka waondoke."

"Basi Mzee naye, nje. Amebaki Shosho Rahab, aliyekuja Marekani kutembea tu."

"Kutembea?" Shosho Rahab akafoka. "Nalea wajukuu watatu tangu theluji ianze, na hakuna anayenipa ofu hata ya siku moja! Nitolee upuzi wako, we msichana!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mzee Solomon alichelewa kidogo, lakini naye akacheka, akaondoa pendekezo lake.

Wagombea walikuwa yeye na Kerubo, muuguzi. Jina la Solomon lilipotajwa, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Velma.

"Mama!" Nkatha akanong'ona. "Si ni yeye alitaka kukunyima kura?"

"Mwenye jengo hili tunalokodi anamwogopa. Hita ya kanisa itatengenezwa."

"Lakini Mama..."

"Kura ninayo. Ulitaka niipige mimi, ama uipige wewe?"

Mzee Solomon alishinda kwa kura moja.