Toleo Safi la Ngebe

“Mchoraji akiligusa na kalamu tu, limekufa,” Abdulrazaq alisema kwenye simu. “Nisikilize, fundi. Saini mbaya juu ya gazeti zuri inaliua gazeti. Na saini nzuri juu ya gazeti bovu hailifufui. Mpe lile bovu aweke saini yake, ubaki nalo kwa kumbukumbu. Zuri niletee mimi kama lilivyo.”

Haidari alikuwa ameibana simu kati ya bega na sikio, mikono yote miwili imo kwenye gundi. Mbele yake ilikuwapo juzuu ya mtoto wa chuo cha Kurani, mgongo umeachia, kurasa za mwanzo zimelika pembeni kwa vidole. Hiyo ndiyo kazi yake pale Kibiti, nyuma ya maduka ya nguo. Anashona misahafu na juzuu zilizochoka, anazipaka gundi ya unga wa ngano anayoipika mwenyewe, anazikandamiza chini ya jiwe, kisha anazirudisha kwa walimu.

“Na saini yake ikiwa nzuri je?”

“Mtu kapigwa na kiharusi, saini nzuri ataitoa wapi? Wee Haidari, usinichezee. Namba saba yako ninayo hapa mezani, naitazama hivi.”

Huyu Abdulrazaq, mkusanya magazeti wa Dar, alijua pa kumbana.

Maana Ngebe, kwa asiyemjua, alikuwa mtu wa katuni. Gazeti lilibeba jina lake, likatoka matoleo kumi na mawili enzi hizo za karatasi ya kukwaruza, likafa. Mwanamume mdomo mkubwa, mifuko mitupu, aliyetoka kwao deltani kumtafuta mkewe aliyemkimbia. Kila toleo anapiga domo, anaumbuka, anaendelea na safari. Katika namba sita anaufikia mlango wa nyumba aliko mke. Anabisha. Gazeti linaishia hapo, ngumi imo hewani. Namba nane inapoanza yuko barabarani peke yake, na kwa mara ya kwanza hana la kusema. Sasa mle katikati kulikuwa na nini? Mwanamke alisema nini? Haidari alikuwa mtoto kule Mbwara mwaka ule, mvua zikakata njia, namba saba haikufika. Akakua, akaoa, akaota mvi, bado haijafika. Mkewe Hajira alimcheka mpaka akachoka kucheka. “Baba Zawadi, mwanamume mzima unalia na mlango wa kuchora!”

Mcheke na wewe ukitaka. Ndivyo alivyo.

Namba moja alikuwa nazo mbili. Moja aliiokoa kwa muuza karanga, nusu ya chini ya jalada ishaenda na karanga za watu, iliyobaki ina mafuta. Ya pili alipewa na mjane wa mwalimu mmoja baada ya kumshonea msahafu wa marehemu. Hii ilikuwa safi. Haijakunjwa, haina doa, pini zake hazijashika kutu. Abdulrazaq, aliyekuwa na namba saba mbili, alikubali kubadilishana kwa hiyo tu, na kwa sharti hilo moja: isiwe na alama, hata ya mchoraji mwenyewe.

Naye mchoraji, kumbe, alikuwa hai. Mzee Saadi, mtoto wa deltani upande wa Nyamisati, alikuwa ameletwa Mchukwi kwa binti yake ili awe karibu na hospitali. Haidari alizipata habari hizo kwa mwalimu mmoja wa chuo, na usiku huo usingizi aliusikia kwa jirani.

Asubuhi alipanda bodaboda, mfuko kaukumbatia kifuani. Alichukua magazeti yote mawili. Lile bovu ndilo la kusainiwa. Lile zuri alilibeba la nini? Mwenyewe alijiambia ni la kumwonyesha mzee tu, apate faraja. Ukweli ni kwamba alitaka kusifiwa.

Binti, Mwantum, alimpokea uani. “Karibu kaka, pita. Yuko barazani. Ongea pole pole, anasikia vizuri ila ulimi umekuwa mzito.”

Mzee Saadi alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo umeegemea ukuta, mkono wa kulia umelala mapajani na kanga imeufunika. Jicho lake lilikuwa jepesi kuliko ulimi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mtoto wa nani weye?”

Haidari alitaja baba na babu, na milima waliyotoka. Mzee alipiga paja kwa mkono wa kushoto.

“Mmatumbi! Mwantum, ficha kuku! Mtani kaingia.” Akamgeukia tena. “Mto uliuvuka vipi, na nyie maji mnayaogopa mpaka ya kunawa?”

“Nilifumba macho, mzee.”

Walicheka. Haidari alijisikia nyumbani, hofu ikamtoka. Akalitoa gazeti bovu na kalamu ya wino wa bluu, akaviweka mkekani kwa adabu. Mzee aliliinua, akalinusa.

“Karanga,” alisema. “Nimesomwa na karanga miye.” Kisha akalitazama kwa muda, akapitisha kidole pale jalada lilipochanika. “Na hapa chini? Palikuwa na mtumbwi.”

“Ulichanika, mzee.”

“Alhamdulillahi.”

Haidari alidhani hakusikia sawasawa. “Namna gani, mzee?”

“Nasema, alhamdulillahi umechanika.” Mzee alishika kalamu kwa kushoto, ikamponyoka, akaishika tena. Angeandika pale pale na mambo yangekwisha, Haidari angerudi Kibiti na saini yake na Jumamosi, siku ya kubadilishana, angepata namba saba. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

“Usihuzunike, mzee. Ninalo jingine zima.”

Loo! Akalitoa. Akalivua nailoni, akaliweka mbele ya mzee, akakaa kusubiri sifa.

Sifa hazikuja. Mzee Saadi alilitazama lile jalada, Ngebe kasimama ndani ya mtumbwi, kifua mbele, maji ya mto yamemzunguka, na uso wa mzee ukaanguka.

“Lipo,” alisema. “Miaka yote hii, lipo.”

“Halina hata doa, mzee.”

“Doa hilo hapo! Hulioni?” Kidole kilitua juu ya upondo, ule mti mrefu ambao Ngebe alikuwa ameukita majini. “Mtumbwi unakwenda wapi?”

“Mbele. Huku.”

“Na upondo kaukita wapi?”

Haidari aliangalia. Jalada hilo alilijua kuliko uso wake mwenyewe. Alijua wino ulipofifia, alijua pini ilipopinda.

“Mbele,” alisema.

“Mtu akikita mbele anakwenda wapi?”

Mmatumbi wa watu alifikiri. Alijiona amesimama ndani ya kitu kinachoyumba, akausukuma mti ule kwa mawazo, na ndipo akaelewa. “Anarudi nyuma,” alisema. “Lahaula. Anarudi nyuma!”

“Baba yangu alikuwa mvushaji,” mzee alisema. Sasa ulimi ulikuwa mzito kweli, maneno yalikuja moja moja. “Mtoni hapo, maisha yake yote. Nikampelekea gazeti. Nimetoka Dar na suruali ya kitambaa, nikampa mbele ya wenzake. Aliangalia, aliangalia. Akasema, mwanangu, mbona huyu anarudi alikotoka? Wavushaji wale walivyocheka! Mtoto wa mvushaji hajui upondo. Yeye hakucheka. Alilikunja akaliweka chini ya mto wa kulalia. Nikamwambia, baba, nitalirekebisha. Nikaondoka na hasira zangu. Walinitumia taarifa ya msiba kabla namba mbili haijatoka.”

Mwantum alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Ilionekana hadithi hiyo hata yeye hakuwa ameisikia.

“Nipe,” mzee alisema, akanyoosha kiganja. “Nipe nirekebishe.”

“Baba,” Mwantum alisema, “hilo ni la mwenyewe.”

Haidari alihisi joto limempanda masikioni. Saini, angalau, ni saini. Mtu huandika jina lake pembeni, wapo watakaolipenda na wapo watakaolikataa. Lakini huyu alitaka kuchora juu ya jalada, katikati ya maji, kwa mkono wa kushoto uliokuwa ukishindwa kushika hata kalamu. Nani angeamini kwamba ni yeye? Wangesema mtoto kalichezea. Abdulrazaq angekata simu.

“Mzee, tukatoe fotokopi,” alisema haraka haraka. “Dukani hapo tu. Uchore unavyotaka, hata kumi.”

“Hicho ni kivuli. Baba alishika la chapa, kama hili.”

“Basi niambie kwanza,” Haidari alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto, “namba saba. Ngebe anabisha mlango. Mkewe anamjibu nini?”

Mzee alifumba macho. Alitafuta, ilionekana kabisa anatafuta. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

“Sikumbuki, mwanangu. Nilichora mwenyewe, na sikumbuki.”

Kuku wa Mwantum alipita barazani, hakuna aliyemfukuza.

“Basi chukua,” mzee alisema. “Simlazimishi mtu. Mtani hanyang’anyi, hutania tu.” Akageuza uso ukutani.

Haidari alilirudisha gazeti kwenye nailoni. Aliaga, akavaa viatu, akafika hadi kwenye ua wa makuti, na huko akageuka kuaga tena, kwa kuwa aliona ameaga vibaya. Mzee Saadi alikuwa akichora kwa kidole mkekani. Mstari mmoja, ule ule, kutoka juu kwenda chini na nyuma. Anaufuta kwa kiganja ingawa hakuna cha kufuta, anauchora upya.

Ndipo Haidari alipoikumbuka kazi yake. Misahafu ya chapa mbaya humfikia mara moja moja, herufi imeruka, irabu imekosewa. Mwalimu huchukua kalamu akarekebisha palepale, na hajatokea mtu wa kusema kwamba mwalimu ameuchafua msahafu. Astaghfirullah, alijiambia, unafananisha Kitabu na Ngebe! Lakini wazo lilikuwa limeshaingia, na halikutoka kwa istighfari moja.

Alivua viatu.

Iliuma, kusema kweli. Wakati akilitoa gazeti aliuona ule mlango wa namba sita na ile ngumi hewani, akajua kwamba pengine atakufa bila kuuona ukifunguliwa. Alilaza gazeti juu ya mkeka na kuweka kalamu kwenye kiganja cha kushoto cha mzee, akamkunjia vidole kimoja kimoja mpaka vikashika.

“Usije ukalia Kimatumbi hapa,” mzee alisema.

“Chora, mzee.”

Mwantum aliweka uji chini, akaja kumshikilia baba yake bega. Ncha ya kalamu ilitua juu ya mikono ya Ngebe, ikacheza pale, ikatoa nukta ambayo hakuna aliyeikusudia. Mzee alivuta pumzi. Gazeti likasogea.

“Linanikimbia. Likandamize.”

Haidari alipiga magoti, akalibana kwa viganja vyote viwili, hapo katikati ya maji. Jasho lake liliingia kwenye karatasi, akaliona likiingia, hakuondoa mikono.

Mstari ulianza kushuka. Ulipinda, ukasita, ukaendelea, wa bluu juu ya mto mweusi, ukapita kando ya mtumbwi kuelekea nyuma. Mzee alikuwa ameuma ulimi kama mtoto wa shule. Alifika mwisho wa maji, akafika ukingo wa jalada, na mkono haukusimama. Upondo ulitoka nje ya gazeti, ukaingia kwenye mkeka, ukashuka ukili baada ya ukili, ukitafuta chini pa kukita.