Bastola ya Mpera

Bastola ya sinema yetu tuliichonga kwa mti wa mpera, tukaipaka rangi nyeusi ya viatu. Matiko ndiye aliyeichonga, kwa sababu mikono yake ilikuwa na subira kuliko yangu. Alikaa siku mbili nyuma ya studio ya Truphena mjini Migori, kisu mkononi, akipuliza vumbi la mti kila mara. Alipomaliza aliielekeza kwangu.

"Malenga, mikono juu."

"Hiyo haiwezi kuua hata kuku," nikamwambia.

"Kuku hajui. Na wewe unaona vile umerudi nyuma?"

Kweli nilikuwa nimerudi nyuma.

Aliniita Malenga kwa utani, lakini mimi nililichukua jina hilo kama haki yangu. Jina langu ni Bravin. Sikupita chuo chochote. Vina na mizani nilijifunza mwenyewe Awendo, nikiwa mpakiaji wa miwa, nikihesabu silabi kwa vidole huku lori likijaa. Mtu akiniambia ushairi ni wa watu wa pwani, nilikuwa namtungia ubeti papo hapo mpaka anyamaze. Basi Truphena, ambaye kazi yake ni kupiga video za harusi na matanga, aliponiambia ana kamera na anatafuta kisa, sikulala. Nilimwandikia sinema nzima.

Tuliiita *Afisa Asiye na Jina*. Ni habari ya polisi wa siri anayejifanya mbebaji wa bangi, anaingia katika kundi la wauzaji kule mpakani, anakula nao, anazika nao, mpaka mkubwa wa kundi anamwita mwanangu. Mwisho inabidi amkamate. Matiko aliigiza afisa huyo. Gari la polisi lilikuwa Probox ya shemasi mmoja Msabato, kwa hivyo Jumamosi hapakuwa na polisi katika sinema yetu. Bangi yenyewe ilikuwa majani ya muhogo yaliyokaushwa juu ya bati.

Matiko aliigiza vizuri kupita kiasi. Alijua mbebaji anavyotembea, anavyoangalia kizuizi cha polisi bila kukiangalia. Nilimuuliza alijifunza wapi. Tulikuwa tunakula, tumekaa kwenye ngazi za studio.

"Nilibeba miaka miwili," akasema. "Kutoka kwetu Ntimaru mpaka Homa Bay. Nikaacha. Nilimwendea mkubwa wangu mwenyewe, nikamwambia nimechoka. Nilitoka kwa mlango, ndugu yangu, sikutoka kwa dirisha."

"Akakuachilia hivyo tu?"

"Kwa sharti moja. Mdomo. Nikinyamaza, naenda kwetu ninapotaka, nalala kwa mama, hakuna anayeniuliza. Nikiongea, sina kwetu."

Nilimuuliza walikuwa wanaficha vipi. Najua sasa kwamba sikupaswa kuuliza. Akaniambia: ndani ya magunia ya muhogo mkavu, ule uliovundikwa mpaka ukawa mweusi, wa kusagia unga. Harufu yake ni kali. Hakuna afisa anayetaka kuingiza mkono humo, na mbwa huchanganyikiwa.

"Hiyo lazima iingie kwenye sinema!" nikasema.

"Hapana. Weka kwa tairi la akiba. Kila sinema inaweka kwa tairi."

"Lakini si ukweli."

"Ndiyo maana nataka tairi."

Nikaweka tairi. Hilo nililitimiza. Lakini kwenye bango niliandika, chini ya jina la sinema, kwa herufi nyekundu: KISA CHA KWELI. Matiko alilisoma, akakuna shingo. Nikamwambia ni maneno ya kuvuta watu tu. Akasema sawa.

Tulianza kuonyesha Homa Bay, Jumapili alasiri, katika ukumbi mmoja karibu na ziwa. Watu walitoka kanisani na nguo zao nzuri wakajaa. Mwanzo ulikuwa mzuri. Walicheka tulipotaka wacheke. Halafu ikafika sehemu ya kizuizi, na Matiko akafungua tairi, na pale mstari wa tatu akainuka jamaa mmoja mnene aitwaye Ombati, muuzaji wa nguo za mitumba ambaye Truphena alimfahamu kwa sauti kabla hajamwona.

"Tairi!" akapiga kelele. "Jameni, bangi kwa tairi! Hii sinema imetengenezwa na watoto wa Sunday School?"

Ukumbi ukalipuka.

"Na hiyo bastola! Hiyo ni mpera! Naona mpaka mahali tunda lilining'inia!"

Watu walishika mbavu. Mama mmoja alifuta machozi kwa leso. Truphena alinishika mkono akaninong'oneza, "Bravin, wacha. Wanafurahi. Wamelipa, wanafurahi, unataka nini tena?"

Nilitaka waamini. Nilivumilia mpaka mwisho, lakini ndani nilikuwa nachemka kama sufuria iliyofunikwa.

Sinema ilipoisha, muziki uliwekwa. Na sisi Wajaluo, muziki ukichezwa mbele ya watu wengi, lazima pakruok ifuate. Mtu anainua mkono, muziki unasimamishwa, anachukua kipaza sauti anajisifu, au anamsifu rafiki yake, na kadiri anavyompaisha ndivyo watu wanavyopiga vigelegele. Ukimsifu rafiki kwa jambo dogo umemwaibisha. Kwa hivyo hakuna anayesifu kwa jambo dogo.

Niliinua mkono. Muziki ukasimama.

Ningeweza kusema kwa Dholuo, kama inavyofanywa. Lakini nilitaka Ombati Mkisii asikie, na Wakuria wachache waliokuja kwa ajili ya Matiko wasikie, na maofisa wawili wa polisi waliovaa kiraia pale mlangoni, ambao kila mtu aliwajua kwa viatu vyao, nao wasikie. Nikasema kwa Kiswahili, kwa vina, na ubeti ulikuja wenyewe, kila silabi mahali pake:

*Msimwite mwigizaji, yeye kafanya zamani,*
*Alipita kila mji, bangi muhogoni ndani,*
*Na yule mbwa mnusaji, aligeuka njiani,*
*Matiko wetu, simama, wakuone hadharani!*

Ukumbi ulipasuka kwa vifijo. Hata Ombati alisimama akapiga makofi juu ya kichwa chake, akasema, "Sasa hapo umeongea, omera!" Sijawahi kushangiliwa vile, wala sitashangiliwa tena.

Matiko alisimama. Angefanya nini? Macho yote yalikuwa kwake. Alisimama polepole, akainua mikono miwili, na watu wakadhani anapokea sifa. Mimi nilikuwa karibu. Niliona aliinua kama mtu aliyeambiwa ainue.

Simu ngapi zilirekodi, sijui. Jumatano magunia ya muhogo yalipasuliwa kwenye kizuizi cha barabara ya mpakani, moja baada ya jingine, na vijana wawili wa kijiji cha akina Matiko wakakamatwa. Jioni ile ile neno likazunguka kwao: Matiko hakuigiza. Kumbe miaka miwili ile alikuwa polisi wa siri kweli, alikula nao na kuzika nao, na sasa amejionyesha mwenyewe kwenye sinema kwa dharau.

Alinijia Ijumaa, nikiwa studio na Truphena. Hakukaa.

"Wazee wanakutana Jumanne asubuhi, kwetu," akasema. "Nimeitwa. Hawana ubaya na mimi, wanataka kusikia tu. Nitasema mimi si polisi, na sikusema kitu. Lakini wimbo wako wameusikia. Kwa hivyo wewe uje useme ulitunga. Kwamba hujui chochote, ulisikia mambo ya muhogo sokoni ukapamba."

"Nije niseme mimi ni mwongo?"

"Uje useme wewe ni mshairi."

Truphena alicheka kidogo, kisha akaona uso wa Matiko akaacha.

"Matiko, bango linasema kisa cha kweli," nikasema. "Wiki ijayo tunaonyesha hapa Migori. Nikisimama mbele ya watu nikasema yote ni uongo, nani atakuja? Ombati atacheka mpaka mwaka mpya."

"Ombati? Bravin, mimi nataka kuenda kwa mama yangu. Hiyo tu. Kuingia kwa mlango, kusalimia, kula. Wewe unaniambia habari za Ombati?"

Hapo ndipo alipoacha kuniita Malenga. Nikamwambia nitakuja. Nilisema kwa nguvu, nikapiga kifua. Truphena ni shahidi.

Jumatatu mchana nilipigiwa simu na kituo kimoja cha redio. Walikuwa wameuona ule ubeti kwenye simu za watu. Walinitaka studioni kesho, saa tatu asubuhi, nizungumze juu ya sinema na niwasomee mashairi yangu. Mashairi yangu! Miaka yote ile ya kuhesabu silabi kwa vidole, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia, njoo tukusikie.

"Jumanne una safari," Truphena akanikumbusha.

"Nitatoka redioni saa nne niende moja kwa moja. Wazee huwa hawaanzi mapema."

"Nani amekuambia hawaanzi mapema?"

Nilikuwa napiga pasi shati.

Mtangazaji alikuwa na sauti tamu. Alinipa maji, akanisifu, akaniacha nisome beti tano mfululizo bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Sasa, Malenga Bravin, wasikilizaji wanataka kujua. Haya mambo ya bangi na muhogo. Ni kweli, ama ni utunzi tu?"

Nataka kuandika hapa kwamba nilisita. Sikusita. Neno lile, utunzi tu, lilinichoma kama lile la tairi. Nikakaribia kipaza sauti.

"Kila neno ni kweli," nikasema.

Niliingia kijijini kwa akina Matiko saa nane. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno yangu ya kuwaambia wazee, yenye adabu, yenye unyenyekevu, na hata vina kidogo mahali pa kuomba msamaha. Nyumbani nilimkuta dada yake mkubwa, Mniko, anageuza muhogo kwenye turubai uani. Mlango wa nyumba ya mama ulikuwa umefungwa. Nilimsalimia, nikataja jina langu.

"Nakujua," akasema bila kuinuka. "Tulikusikia."

"Nimekuja kuwaona wazee."

"Wazee wameondoka. Walikaa kwa muda wa saa mbili na nusu. Matiko alisema rafiki yangu anakuja, atawaambia ni hadithi. Wakasema sawa, tumngoje. Hawakuwa na haraka, walitaka mtu mmoja tu wa kusema hivyo. Wakangoja. Mtu mmoja alikuwa na redio ndogo mfukoni, akasikia jina la sinema yenu, akaongeza sauti."

Aligeuza kipande cha muhogo, akakiangalia upande wa pili.

"Matiko alikuwa amekaa hapo ulipo," akasema.

Miguu yangu ilisogea yenyewe.

"Dada Mniko, nilidanganya," nikasema. "Naomba uwaambie. Niite popote, nitaapa. Nilidanganya."

"Lini? Kwa redio, ama sasa?"

Kuku mmoja alipanda juu ya turubai, Mniko akamfukuza kwa mkono.

"Ameenda wapi?" nikauliza.

"Ng'ambo. Tanzania, na Tanzania ni kubwa. Wazee walimwambia aondoke kabla vijana hawajapata hasira, arudi mambo yakipoa. Waliokamatwa wana mama zao hapa, unajua. Wanapita hapa kila siku kuenda mtoni. Mama hakutoka kumuaga. Si kwa chuki. Hakuweza kusimama."

Aliingia nyumbani kwake, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akanipa. Nilijua uzito wake kabla sijafungua.

"Alikuwa ameileta kumchekesha mama," Mniko akasema. "Vijana waliiona dirishani. Wakasema, si mnaona, hata bastola ya serikali anayo. Nikawaambia ni mti. Nikawaambia shikeni muone. Hakuna aliyetaka kuishika."

Nilitaka kumwambia kwamba Homa Bay nzima iliicheka, kwamba mtu aliona mpaka mahali tunda lilining'inia.

"Nenda kabla hao mama hawajarudi kutoka mtoni," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya dada. "Na usituandikie wimbo. Tafadhali."

Nilirudi barabarani kwa miguu, jua kali, nimeishika ile bastola ndani ya shati ili watu wasiione. Nilijaribu simu ya Matiko mara nyingi. Kule Migori, Truphena alikuwa tayari ameshusha mabango yote ukutani kwake. Nilipovua shati nikakuta rangi ya viatu imeyeyuka kwa jasho. Ilikuwa imenishika tumboni na viganjani, nyeusi, na chini yake mti ulikuwa mweupe kama siku Matiko alipouchonga.