Nyuma Kidogo ya Pigo

Mdogo wangu hupiga gitaa la solo katika bendi ya roki, na nikisema ni mpigaji mzuri sisemi kwa sababu ya udugu. Wapigaji wengi wa muziki huo humwaga noti kama misumari iliyopasua mfuko. Yeye huchagua. Huianza noti chini ya mahali pake, huuvuta uzi kwa kidole mpaka ifike, na hufika nyuma kidogo ya pigo la ngoma, kwa kuchelewa kule kule kila mara. Kisha huitikisa taratibu na kuiacha. Hata ukimya wake una kipimo.

Katika albamu ya kwanza toni yake ilikuwa nene, mkwaruzo umekaa chini ya noti bila kuifunika. Katika ya pili ilikuwa nyembamba na kali. Magazeti yaliandika kwamba amekomaa. Mimi iliniuma meno. Kazi yangu ni kupima masikio ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Nilipaswa kujiuliza mapema.

Aliyemleta kwangu ni mpiga besi wao, anayeitwa Babu tangu shuleni kwa ajili ya upara.

"Dada, mpime huyu," Babu alisema. "Amefungua sauti nyembamba mpaka kitufe cha amplifaya kimegota, bado anadai imefunikwa blanketi. Mpiga ngoma anaenda nyumbani na kichwa kinamgonga."

"Ni upara wako," mdogo wangu alisema. "Sauti inagonga hapo inakurudia."

"Sikio la kufa halisikii dawa. Dada, karatasi ikitoka safi namwomba radhi, Jumatatu tunarekodi anavyotaka yeye. Isipotoka safi, gitaa linawekwa chini mpaka daktari aseme."

Mdogo wangu alinitazama. "Unajua sina kazi nyingine."

"Najua. Ingia."

Chumba cha kupimia kina ukubwa wa kabati la nguo, kuta zake zimefunikwa sponji, na kina kidirisha cha kioo. Anayepimwa hunipa mgongo ili asione mikono yangu. Nilimvika vipokea sauti masikioni, nikampa kitufe mkononi. "Ukisikia mlio, hata kama mbu wa chumba cha pili, bonyeza." Akibonyeza, taa ndogo huwaka kwenye mashine yangu.

Milio minene aliisikia. Ya kati pia. Nilipopanda kwenye milio myembamba, ile ambayo masikio ya watu wa mashine huipoteza kwanza, taa iliendelea kuwaka. Nikapunguza sauti. Ikawaka. Nikapunguza tena. Ikawaka. Yalikuwa masikio ya mtoto wa miaka sita, na kwa nusu dakika nilifurahi.

Kisha nikaitazama taa yenyewe. Asikiaye kweli huchelewa zaidi kadiri mlio unavyofifia. Taa hii ilichelewa kidogo tu, kwa kiasi kile kile. Kuchelewa huko nilikujua tangu akiwa na miaka kumi na minne, akifanya mazoezi chumba cha pili.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Kanuni inataka nafasi kati ya milio zisilingane. Miaka kumi na sita ya kazi imeufanya mkono wangu uwe na mwendo mmoja kama saa ya ukutani, naye alikuwa ameushika tangu milio ile ya mwanzo.

Nikaondoa mkono kwenye mashine.

Taa iliendelea. Mara saba ilifika mahali pake. Zamu ya nane aliiruka, pale ambapo msikilizaji angesita, kisha akarudi sawasawa na kuongeza nne. Nimemwona jukwaani mara zisizopungua arobaini. Sijamwona akipiga vizuri kuliko hapo. Pembeni yangu Babu alikuwa akifuata taa kwa mguu, kwa mazoea. Alipouona mkono wangu umelala mezani, mguu ukasimama.

Nikaanza upya, nikivuruga nafasi. Taa iliwaka mahali pasipo na mlio, ikawaka tena, kisha ikaacha. Nikachora mstari wa kila sikio. Yote miwili ilishuka ghafla kwenye milio myembamba kama ngazi iliyovunjika, wa kushoto zaidi, upande inapokaa amplifaya.

Nilifungua mlango. "Umebonyeza mara kumi na moja wakati nimezima."

Aligeuka kunitazama. "Zilikuwa kwenye pigo?"

"Zote. Nyuma kidogo."

Akatikisa kichwa kukubali, kama fundi aliyeambiwa vipimo vyake. "Huwezi kunipima tena Jumanne, tukishamaliza kurekodi?"

"Yaliyokwenda hayarudi. Yaliyobaki yanaweza kubaki, ukiacha sasa."

"Ile albamu ya pili," alisema, "kwako inasikikaje?"

"Kama bati linalokatwa."

Alimtazama Babu, na Babu hakufanya mzaha.

"Kwangu ni nene," mdogo wangu alisema. "Kwangu ni sawa na ya kwanza. Nilihangaika wiki tatu studio mpaka nikaipata ile ile."

Niliandika nilichopima, nikaweka sahihi, nikampa Babu karatasi. Mdogo wangu alikuwa bado amekaa, kitufe mkononi. Ilibidi nikitoe kwenye vidole vyake.

Jumanne niliwaita upya wafumaji wote wa kiwanda niliowahi kuwaandikia kwamba wanasikia, niwapime kwa nafasi zisizolingana.