Salamu za Babu Bartolomayo Ndani ya Ndege

Hapa Nzuguni siku hizi jirani anakupungia mkono kutoka ndani ya gari, basi, mmeshasalimiana. Nilipokuwa msichana kule Hombolo, baba yangu akikutana na mtu njiani alitua jembe chini. Wanaulizana za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za mbuzi, mpaka sisi watoto shingo zinatuuma kwa ndoo za maji kichwani. Kumkatiza mkubwa, nani athubutu? Natamani zile salamu hadi leo, na mwanangu William nilimlea nazo.

William ni rubani wa ndege ndogo. Juzi juzi alitupakia kutoka Dar kuja huku Dodoma, mimi na baba yangu mdogo, Babu Bartolomayo, aliyekwenda kutibiwa macho. Babu alikaa mbele, pembeni ya William, mimi nyuma yao, wote tumevaa vile vya masikioni vya kusikilizana. Kule uwanjani walikuwa wamesalimiana haraka haraka, na kwa Babu salamu ya haraka haihesabiki. Alipoiona nchi yetu chini, nyekundu na vichaka vyake, moyo ukamfunguka. Akaanza upya.

Muda huohuo mwongoza ndege wa Dodoma alikuwa amemwambia William ashuke mpaka kimo fulani, abaki hapo. William akaitikia, akaanza kushuka. Babu akauliza za mke. Nzuri, Babu. Za watoto? Nzuri. Kila jibu anamgeukia mzee, maana kumjibu mkubwa huku unatazama kwingine si adabu. Mshale wa kimo ukapita pale paliposemwa, hakuna aliyeuangalia.

Mimi natabasamu tu huko nyuma, naona kama baba yangu amerudi na jembe lake. Nikachungulia nje. Kilima ambacho kilitakiwa kiwe chini yetu kilikuwa dirishani. Niliona mbuzi wanatawanyika, nikaona na fimbo ya mchungaji.

"Na mbuzi wa mama yako, hawajambo?" Babu alikuwa anauliza.

"William," nikasema, "kilima."

Akageuka mbele, akavuta usukani, ndege ikanyanyuka. Redioni wakamuuliza yuko kimo gani. Babu naye akanung'unika kwamba nimekosa adabu, namkatiza mzee.

"Babu, nisamehe," William akasema bila kumtazama. "Sitakujibu mpaka tutue."

Akina mama wenzangu, neno hilo halimo katika malezi yetu. Litieni mapema, kwa mtoto wa ndege, wa basi, hata wa bodaboda. Mzee atanuna, lakini atanuna akiwa hai.

Na Babu alinuna kweli, mpaka uwanjani. William akazima injini. Akamgeukia mzee kwa mwili wote.

"Shikamoo, Babu. Mbuzi hawajambo."

Babu akavua vile vya masikioni.

"Marahaba," akasema. "Na kuku?"